Mgonjwa wa Chumba cha Nyuma

Mabela, Muscat
Jumatatu, 18 Agosti 2003

Kwa mdogo wangu mpenzi Ghanim,
kwa faksi ya ofisini kwako Qurum, ikufikie hotelini Kuala Lumpur

KUHUSU: MBWA WAKO, TUMBO LAKE, NA JINSI UTAKAVYOTEMBEA UKISHUKA NDEGE

Assalaam alaykum. Natumai kozi yako inakwenda vizuri na kwamba hoteli inakubadilishia mashuka kila siku, kwa kuwa mimi yangu yamekwisha, na sababu utaisoma hivi punde. Naandika kwa Kiswahili ili karani wako atakayeituma faksi hii asiambulie kitu. Na naandika rasmi, kwa nambari, kama nilivyokuwa nikimwandikia mganga mkuu miaka yangu ishirini na nne ya ukunga, maana kwenye simu wewe husema, "Da Mastura, nitakupigia baadaye," na hiyo baadaye sijapata kuiona.

1. Tarehe 5 Julai uliniletea mbwa. Nilipouliza kwa nini asikae na mkeo, ukasema Noof na watoto wanakwenda Salala kutazama mvua. Kisha ukasema, na nayanukuu maneno yako kama yalivyotoka: "Wewe una uwanja, na huna mtu." Nashukuru sana. Uwanja nilikuwa nimeshauona mwenyewe. Hilo la pili ndilo nililokuwa nasubiri kuambiwa. Ukaniachia gunia la chakula, mnyororo, na mnyama wa kilo hamsini na nne. Mimi nina hamsini na moja. Ukaniambia hana taabu.

2. Alhamisi ya tarehe 31 Julai, baada ya Adhuhuri, huyo asiye na taabu alikula sahani nzima kwa pupa, akamkimbiza paka uwanjani kwenye jua la Mungu, kisha akaja kusimama mlangoni pangu. Anataka kutapika, hakitoki kitu. Mate yanamchuruzika. Tumbo limevimba upande mmoja. Nikaligonga kwa vidole, likalia kama ngoma. Nimegonga matumbo mengi katika maisha yangu, Ghanim, na najua lipi litasubiri na lipi halitasubiri.

Nikapiga simu hotelini kwako. Nikaambiwa uko kwenye mafunzo ya kukabiliana na dharura, usisumbuliwe. Basi nikamwita dereva wako Levi. Akaja na gari lako, akainama, akamtazama, akasema, "Mama, hii tumbo imefura vibaya. Twende sasa hivi." Tukamviringisha ndani ya blanketi langu la maua, tukamlaza kiti cha nyuma. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu kwa sababu hapakuwa na pahala pengine pa kukiweka, na nataka hilo lieleweke hivyo.

Daktari wa wanyama alisema tumbo limejisokota na damu haipiti, na asipopasuliwa papo hapo hatafika Magharibi. Karatasi ya idhini ilitaka saini ya mwenye mbwa. Mwenye mbwa alikuwa anajifunza kukabiliana na dharura. Nikatia saini mimi, na palipoulizwa uhusiano na mgonjwa nikaandika "muuguzi". Nikakaa saa moja na nusu kwenye kiti cha plastiki, nikisoma kile nilichokuwa nikisoma kila mzazi alipochelewa kujifungua. Sikuwa nikimsomea mbwa. Nilikuwa nasoma tu. Usiku tukamrudisha nyumbani, nikamlaza chumba cha nyuma.

3. Lalamiko lenyewe linaanzia hapa. Wakati tunatoka, jirani yangu Bi Sabah alikuwa langoni kwake. Gari lako analijua mpaka nambari. Akaliona likipita mbio, kiti cha nyuma kuna mwili mrefu ndani ya blanketi, na mimi nimekishika kichwa, nalia. Kulia si kweli, lilikuwa vumbi. Sasa Bi Sabah ananijua miaka yote kuwa nikiona mbwa navuka barabara, na kuwa ninaye mmoja ndani ya ukuta wangu sikumwambia mtu, kwa haya. Akafikiri kama ambavyo angefikiri mtu yeyote mwenye akili zake: huyo ni Ghanim, amerudi safari mgonjwa.

Ijumaa baada ya Alasiri majirani wakaanza kuja. Adabu yetu unaijua, au ulikuwa ukiijua kabla ya kozi. Mgonjwa haulizwi ana nini. Mtu huvua viatu, hukaa, hutoa pole, hunywa kahawa, husoma alichojaaliwa, huondoka. Wakauliza mgonjwa vipi, nikajibu kuwa amepasuliwa tumbo, yuko chumba cha nyuma, na daktari amekataza asionane na watu. Kila neno lilikuwa kweli tupu. Mpaka nilipokuja kufahamu wamemjia nani, Yasini ilikuwa imeshakhitimishwa na watu arubaini wameshakunywa kahawa yangu. Niambie wewe uliyesomea uongozi: ni pahala gani hasa ningesimama nikawaeleza kuwa ni mbwa?

Dua zote zilisomwa kwa jina lako. Kwa hiyo, siha hiyo uliyonayo huko usidhani ni ya hewa safi.

4. Chakula. Kila aliyekuja alikuja na kitu. Uji wa mtama, mkate wa kumimina, halwa, matunda, na supu ya kuku isiyo chumvi wala pilipili, kama anavyopikiwa mtu aliyetoka kupasuliwa. Na daktari alikuwa ameagiza kuku wa kuchemsha, bila viungo, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Supu ya Bi Sabah ilifika kwa mgonjwa kama ilivyokusudiwa. Ameimaliza kila siku, akaramba na bakuli. Nikirudisha sufuria, Bi Sabah ananiuliza kama Ghanim ameweza kula, nami nasema mgonjwa hakubakisha. Nimekuwa msemakweli mkubwa uzeeni.

5. Uuguzi wenyewe. Siku tatu za mwanzo daktari aliuhofia moyo, ikabidi niwe nahesabu mapigo kila saa, kwa vidole viwili, ndani ya paja. Nilimpima joto, na mahala linapopimwa hakupendezwa napo, wala mimi. Nilimpa dawa ndani ya tende. Nilimsafisha mshono, na mashuka yangu yote yakaishia kutandikwa chini yake. Alivishwa shingoni kitu cha plastiki kama mdomo wa tarumbeta ili asijilambe, akawa anagonga nacho kila mlango wa nyumba yangu. Na kila nikimgusa, kabla ya sala nioshe mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa najisi ya mbwa. Udongo wa Mabela ni changarawe tupu, umenichubua mikono. Levi akaniletea ndoo ya udongo laini, na ndoo hiyo ipo mlangoni, wageni wanadhani nataka kupanda mchicha.

Nyuzi zilitolewa Jumanne iliyopita. Amepona kabisa, hana kisingizio chochote cha kubaki hapa.

6. Mwaka 1999 nilitolewa mawe ya nyongo. Ulimtuma dereva na kikapu cha matunda chenye utepe. Walikuja kunitazama watu sita, na wawili kati yao walikuwa wamekosea chumba. Wewe, ambaye hata mafua hukupata, umetazamwa na mji mzima. Ukumbi wangu ulijaa watu wiki mbili, viatu vikafika mpaka langoni.

Mama alifariki ukiwa na miezi minane, nami nina miaka kumi na minane. Nilikulea. Waliokuja kuniposa walikukuta kiunoni kwangu, wakarudi. Halafu unakuja kunihesabia kuwa nina uwanja na sina mtu. Iliniuma, Ghanim. Hili silisemi kwa kejeli.

7. La saba nimelifuta. Nililiandika kwa hasira na lilimhusu Noof.

Kwa hayo yote, naomba mambo mawili, na sidhani kama ni makubwa.

Kwanza, Ijumaa ukishuka uwanja wa ndege wa Sib, kabla hujafika kwako, uje umchukue mbwa wako. Mnyororo nimeutundika tayari.

Pili, utembee umejiinamia. Wiki mbili zinatosha. Mkono wa kulia uushike tumbo, hatua ziwe fupi, na usibebe sanduku lako mwenyewe, jambo ambalo halitakupa tabu. Ukialikwa, kataa biriani na uombe uji. Ukicheka, ucheke kidogo na ukunje uso. Mtu akitaka kuonyeshwa kovu, mwambie liko pahala pa stara. Msikitini sali juu ya kiti. Watu arubaini wamekupikia, wamekulilia na wamekuombea. Hawawezi kuja kukuona sokoni unaruka ngazi kama mbuzi. Nimekubeba mwaka mzima kiunoni. Wewe unaweza kunishikia tumbo siku kumi na nne.

Nakutakia safari ya salama. Nisalimie wenzako wa kozi na huyo mwalimu wenu wa dharura, mwambie kuna mkunga mstaafu Mabela angependa kumuuliza mawili matatu. Levi anakusalimu. Bi Sabah anakusalimu na anakuombea upone haraka. Noof akikupigia kutoka Salala, mwambie mvua tumeisikia.

Ni mimi dada yako, mwenye uwanja,
Mastura

Baada ya kuandika: Levi alikuwa ameshafika kuichukua barua hii, nikamwambia asubiri. Bi Sabah amekuja mapema leo, mlango ulikuwa wazi, akaingia na sufuria yake mpaka ukumbini. Akanikuta nimekaa chini, na mbwa, Pasha, amenilalia mguu, kidonda chake juu. Akasimama. Akauliza Ghanim yuko wapi. Nikamwambia yuko Malaysia, mzima kabisa, tangu Julai.

"Basi mgonjwa nani, Mastura?"

"Huyu. Wangu mie."

Akaweka sufuria mezani, akakaa, na kwa mara ya kwanza akauliza kile ambacho hakiulizwi: alipatwa na nini hasa. Nikamweleza tangu mwanzo, kuanzia paka. Alipoondoka akasema kesho atapika tena, na akataka kujua kama sasa aanze kutia chumvi.

Kwa hiyo tembea wima. Maombi yangu yale mawili yote nimeyaondoa, na lile la nyuzi nilikosea: mgonjwa hajapona hivyo, hawezi kusafirishwa mpaka kwako Qurum, na muuguzi ni mimi. Mnyororo nimempa Levi afungie lango.

Ijumaa ukitaka kuja kumtazama, njoo kama wanavyokuja watu, baada ya Alasiri, na uje na supu.