Bibi wa Laini Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Moyo unadunda tangu asubuhi. Daktari wa zahanati kapita kibandani kwangu, ninapochorea mabango. Nikajua kaja kunipa kazi ya bango la ukutani ninayoisubiri tangu mwaka jana. Hata ngazi nilishaipangusa! Badala yake akanionyesha simu. Humo kuna bango tayari: muuguzi anatabasamu, maandishi ya bluu, rangi zimepangana. Akasema katengenezewa na dada wa steshenari, ng'ambo ya barabara, kwa akili bandia. Dakika nne! Mimi herufi Z peke yake hunichukua nusu saa. Nikahesabu vidole vya muuguzi. Sita. Nikamwambia. Akasema wagonjwa hawaji kuhesabu vidole. Ila atafikiria hadi Jumamosi.

Jioni shemeji, kaka wa mke wangu, akapiga simu. Nafasi ya karani ghalani kwao bado ipo. Nikamjibu kwamba mimi nimejiajiri, bosi wangu ni mimi. Akauliza huyo bosi anaendeleaje. Nikakata simu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kupambana. Uwanja wa vita ni kundi la mtaa kwenye simu, "Majirani Wema", watu mia mbili na kumi na wawili, daktari akiwemo. Nikaandika kwamba anayechorewa bango na mashine ni mbumbumbu, na anayemchorea ni mwizi. Fupi, kali, safi. Nikakaa kusubiri makofi.

Makofi hayakuja. Mwenyekiti wa kundi akanipa onyo: lugha ya staha, la sivyo natolewa. Kisha dada wa steshenari akajibu. Pole kaka, kaandika. Kazi zako nazipenda, lile bango la kinyozi hunifurahisha kila nikipita. Karibu chai tuzungumze. Mioyo myekundu arobaini na saba! Hata kinyozi! Hata mke wangu! Mwanamke yule ni hatari. Ustaarabu wake ni panga.

Jumatano, 5 Machi

Mpango mpya, na safari hii sina wasiwasi. (Nina wasiwasi kidogo.) Nimenunua laini mpya ya simu nikamzaa Bibi Mstaafu: mwalimu mkuu wa zamani, miaka sitini na minane, picha ya maua. Mwenyekiti akampokea kundini kwa heshima zote, shikamoo kibao. Tatizo ni kwamba ustaarabu wangu huisha kwenye mstari wa pili. Kwa hiyo nikaiomba ile ile akili bandia imwandikie. Si usaliti. Ni kumnyang'anya adui bunduki.

Ikaandika vizuri mpaka nikaona wivu. Bibi alisema mkono wa mchoraji una uhai ambao mashine haina, akawasihi wanawe waheshimiane. Mioyo themanini! Daktari akaweka dole gumba. Dada wa steshenari akaandika shikamoo bibi, nimejifunza. Nimeshinda!

Ijumaa, 7 Machi

Bibi ni maarufu kuliko mimi. Mpishi wa shule kamwuliza kama aache kazi akajiajiri. Mashine ikamshauri ajaribu mwisho wa wiki kwanza, aone. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Saa kumi na moja jioni, ujumbe wa faragha kwa Bibi. Kutoka kwa mke wangu! Na yuko jikoni, hatua sita kutoka nilipoketi, nasikia sufuria. Shikamoo bibi, naomba ushauri, kaandika. Mume wangu kajiajiri, ana hofu, hali akashiba, akiulizwa anajifanya simba. Leo nilikwenda kwa daktari kumwombea kazi ya bango. Kakubali, mradi mume wangu amtake radhi dada wa steshenari kundini kabla ya kesho jioni. Nimwambieje asijisikie mnyonge?

Nikausoma mara tatu. Jasho. Nikajifungia chooni kujibu. Bibi akamwambia asiseme kitu, mumewe ana roho nzuri, ataomba radhi mwenyewe. Nikamsikia jikoni akishusha pumzi. Nikajiona mwizi ndani ya nyumba yangu. Lakini mpango ni mzuri mno kuuacha!

Jumamosi, 8 Machi

Mpango ulikuwa hivi. Mimi naomba radhi, kana kwamba imenijia tu. Dakika mbili baadaye Bibi ananisifu. Daktari analainika, ukuta unakuwa wangu. Simu moja, laini mbili. Nikanakili jibu lote la mashine, nikabandika, nikatuma.

Sikusoma mwanzo wake. Ulisema: "Sawa! Huu hapa ujumbe wa bibi wa kubuni, mwalimu mstaafu, akimsifu mchora mabango kwa unyenyekevu wake, kama ulivyoagiza. Nimeongeza machozi kidogo."

Tena ujumbe wa Bibi umetangulia. Ule wa radhi hata sijautuma!

Watu mia mbili na kumi na watatu. Mchora mabango mtaani ni mmoja tu. Kisha mpishi wa shule akauliza: kwa hiyo aliyenishauri ni nani? Kinyozi akaweka vicheko sita. Mwenyekiti akatutoa wote wawili, mimi na Bibi. Jikoni sufuria ikawekwa chini taratibu. Taratibu sana.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliketi mbele yangu akauliza, "Ulisoma nilichomwandikia?"

Nikasema aliyesoma ni Bibi. Hakucheka.

"Miaka kumi na mitatu nakuuliza una nini, unasema huna kitu. Nimekwenda kumwuliza mtu nisiyemjua. Kumbe ni wewe, na bado hukuniambia!"

Nikamwambia naogopa. Lilinitoka tu. Naogopa ile mashine. Naogopa ghala la kaka yake. Naogopa watu wanapopita mbele ya kibanda bila kugeuza shingo. Akanishika mkono. Tukakaa hivyo mpaka chakula kikaungua.

Mchana nikavuka barabara, nikamwomba radhi dada wa steshenari kwa mdomo wangu. Ilitoka vibaya, maneno yaligongana. Akasema radhi ya namna hiyo ndiyo anayoielewa. Kisha akasema mashine yake haipandi ngazi, na printa yake haichapishi zaidi ya karatasi ya daftari. Yeye atatoa mchoro, mimi nipake ukutani. Kwa daktari atakwenda kuzungumza yeye mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Tumemaliza! Ukuta unang'aa. Daktari katushika mikono sote wawili, mimi na dada. Mke wangu kaleta chai, kasimama kutazama, kasema mbona siku zote hizi sijamwita anitazame nikiwa juu ya ngazi. Mwenyekiti kanirudisha kundini, mimi peke yangu, kwa sharti la staha. Sijawahi kuwa na amani hivi tangu nijiajiri.

Saa tisa alasiri mtu mmoja kundini akasema rangi nzuri, ila neno ZAHANATI limelalia kulia kidogo. Mmoja! Fundi cherehani, tena mvaa miwani! Moyo ukaanza kudunda. Ningeweza kumjibu mwenyewe, kwa staha. Ningeweza kumwambia mke wangu.

Nimenunua laini nyingine. Mhandisi Mstaafu, picha ya kofia ya ujenzi. Atathibitisha kitaalamu kwamba kilicholala ni ukuta. Mashine inaandika sasa hivi. Na safari hii nimeiambia iache utangulizi.