Fimbo ya Pool Iliyoegemewa na Mnyanya

Jumamosi, 8 Agosti 1987
Balaa! Babu Emil anauza fimbo yake ya pool. Ile ya mwaka 1938, mpini umezungushiwa kitani, mweusi kwa jasho la miaka hamsini. Hakuna baa hapa Sheboygan isiyoijua. Anasema vidole vimekakamaa. Nikamwambia nitaitunza mimi. Akacheka: "Wewe, mjukuu wangu? Miavuli mitatu umeshapoteza!" Miwili! Mnunuzi, Bwana Halvorsen, anakuja kesho.

Jumapili, 9 Agosti
Nimepata wazo kanisani (Mungu anisamehe). Kila mnunuzi huiviringisha fimbo mezani. Ikirukaruka, imepinda, haina thamani. Nikabandika ubavuni kipande cha utepe wa gundi, ule usioonekana kirahisi. Halvorsen, ambaye havai miwani kwa majivuno, akaiviringisha. Ikaruka kama chura! "Pole, mzee mwenzangu," akasema, "hiyo sasa ni kuni." Akaondoka. Ushindi! Nimekula keki vipande viwili.

Jumatatu, 10 Agosti
Nilitarajia Babu aseme, haya, chukua. Hakusema. Leo nimeikuta bustanini, imechomekwa udongoni, imefungiwa mnyanya! Eti mnyanya umezeeka na ulikuwa unaanguka, na kizee kilichopinda kisaidie kizee kingine. Redio inatabiri mvua.

Jumanne, 11 Agosti
Mvua kutoka ziwani. Nimesimama saa nzima nikiifunika fimbo kwa mwavuli wa Mama. Bibi Schroeder, jirani, akauliza kwa nini nyanya zetu zinaogopa mafua. Nikakiri kwa Babu.

Hakugomba. Aliing'oa, akaifuta kwa shati lake la kanisani, akabandua utepe, akaiviringisha. Ikaenda taratibu, imenyooka kabisa. Babu akaketi. Akasema siku mbili hizi aliamini kwamba hata fimbo imemzeekea. Niliona aibu mpaka masikioni.

Kisha akasema haiuzi tena. Itakaa ukutani, nami nikimaliza shule bila kumdanganya mtu, ni yangu. Akanifundisha kuishika. Kitani kina joto, kama mkono wa mtu!

Jumatano, 12 Agosti
Miaka mitano bila udanganyifu. Inawezekana kabisa.

Ila binamu yangu Konrad anakuja Jumamosi, na Babu amesema atamruhusu aichezee. Konrad, ambaye vidole vyake havijawahi kukosa siagi! Akiiviringisha ikaruka, hataitaka. Utepe ninao bado. Huko si kudanganya. Ni kutunza.

(Mwavuli wa Mama haujaonekana.)