Ukurasa Mmoja wa Prossy Awor

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nyota yangu imewaka! Ofwono, meneja wa kampeni ya Mzee Ebong, yule mwenye malori, amenisimamisha hapa Busia sokoni na kuniuliza kama najua kupekua habari za watu. Nikamjibu kwamba mimi, Laban Emoit, nilizaliwa napekua. Habari za kufukuzwa kazi ya kuuza dawa ya kupe sikumgusia. Si kila kitu huandikwa kwenye wasifu.

Kazi ni hii. Prossy Awor anagombea ubunge dhidi ya Ebong, mgombea huru, hana chama, alama yake kiti. Watu wanampenda mpaka inakera. Ila akiulizwa atawafanya nini wanaovuka mpaka kwa njia za panya, hucheka na kusema tutazungumza. Ofwono anataka ushahidi ulioandikwa, si uvumi wa kwenye pombe. Nikiupata, napewa pikipiki ya kampeni na cheo: Mkurugenzi wa Upekuzi!

Nyumbani Atai, mke wangu, hakufurahi. Mama yake anakaa ng'ambo, upande wa Kenya, na kila siku ya soko huvuka asubuhi na kikapu cha nyanya kuja soko letu. Karatasi hana, wala bibi yake hakuwa nayo. Atai anasema huyo atakayeshinda akifunga njia, basi mama atahamia kwetu.

Kwetu! Nyumba ya mlango mmoja! Sisi Wateso mtu hamtazami mama mkwe wake usoni. Tangu nioe namjua kwa kitenge cha mgongoni na kwa kikohozi. Tukiishi pamoja, mmoja wetu atalala juu ya paa, na najua ni nani. Kwa hiyo Awor akiwa na nia ya kufunga njia, lazima aanguke.

Atai akauliza na Ebong naye anasemaje. Nikamwambia huko sikutumwa.

Jumanne, 2 Desemba

Tororo! Awor alikuwa diwani huko kabla ya kuolewa Busia, na kumbukumbu za vikao vya madiwani ni mali ya umma. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kusoma. Nimevaa tai.

Kwenye stendi ya Busia nikakutana na shemeji yangu Obore, kaka yake Atai, anayezunguka na gari la kipaza sauti akimnadi Awor. Akapaza sauti stendi nzima isikie: "Emoit! Wewe nakwenda wapi na tai? Nani nakufa?" Watu wakacheka. Wivu huo.

Karani wa Tororo mtu mpole. Kaniletea faili nene, kanishauri nianze mwanzo wa kikao ndipo nielewe. Mwanzo! Mtafiti hodari huenda moja kwa moja kwenye jina. Nikafunua katikati, na mara hiyo hiyo nikamwona: Diwani Awor! Nikatoa simu nipige picha.

Hapo nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi. Mama mkwe, mlangoni, pamoja na wenzake wa sokoni waliofuata cheti cha kikundi chao! Mlango ulikuwa mmoja, na yeye yuko humo. Nikapiga picha ukurasa uliokuwa mbele yangu, nikatokea dirishani. Tai ikanasa kwenye bawaba, kiatu kikabaki ndani. Nilipokuwa kwenye maua karani akaniita kwamba nimesahau kiatu, na kwamba maneno yale yanaanzia ukurasa wa nyuma. Kiatu kwanza, nikamwambia. Akanirushia.

Lakini picha ninayo!

Jumatano, 3 Desemba

Kumbukumbu ni za Kiingereza. Nimetafsiri mwenyewe. Diwani Awor alisema hivi: wote wanaovuka bila karatasi warudishwe walikotoka. Watakaokamatwa wapimwe midomo. Waogeshwe dawa. Watengwe, wasinywe maji kisima kimoja na wenyeji. Na mtu atakayewaficha nyumbani kwake atozwe faini!

Unyama gani huu? Kumwogesha binadamu dawa! Nimeuza dawa ya kupe miaka mingi, najua inavyowasha.

Nikamsomea Atai. Akashika kidevu, akauliza kwa nini wapimwe midomo. Nikamwambia siasa ina mambo yake. Akauliza ukurasa uliotangulia unasemaje. Nikamwambia ukurasa uliotangulia umeshatangulia.

Ofwono alipousoma alinikumbatia mpaka kofia ikadondoka. Nitahutubia mwenyewe Jumamosi, kwenye mkutano wa Ebong! Mimi! Jukwaani!

Ijumaa, 5 Desemba

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Wamesikiliza hadi mwisho.

Obore amepita na gari lake, kasema kwa kipaza sauti kwamba nikipewa pikipiki yeye atatafuna kofia yake bila chumvi. Nimemwambia aanze kuiloweka.

Tahadhari moja nimeichukua, maana mimi si mjinga. Nimemuuliza Atai kama mama yake atakuwepo kesho. Kasema Jumamosi mama hauzi nyanya. Njia nyeupe!

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika upesi, mwili bado una joto.

Nilipanda jukwaani uwanja umejaa. Nikasoma. Nilipofika kwenye midomo watu wakaguna. Nilipofika kwenye dawa wakapiga kelele, "Aibu! Aibu!" Sijawahi kupendwa na umati namna hiyo. Nikainua karatasi juu, nikauliza, je, mama zetu waogeshwe kama...

Kikohozi.

Mstari wa mbele. Hakuja kuuza nyanya, alikuja kusikiliza! Kina mama wote wa soko walikuja, kwa sababu wao ndio niliokuwa nawazungumzia. Hilo sikulifikiria.

Nikageuka haraka, nikaupa umati mgongo. Kumbe naye, mama mwenye adabu zake, alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo. Watu hawakujua watazame wapi. Kisha nikasikia anamwita Obore, aliyekuja kunicheka, amsaidie kufikisha ujumbe. Na Obore ana kipaza sauti!

"Obore," akasema mama, "ambia huyo alioa dada yako: hiyo karatasi ni ya ng'ombe."

Obore akatangaza kila neno, polepole, kwa raha. Kwamba mwaka ule ulikuja ugonjwa wa midomo na kwato. Kwamba Awor alitaka ng'ombe wasio na karatasi warudishwe. Kwamba ng'ombe wa mama mwenyewe, yule mwekundu, alirudishwa, na mama alilia sana. Lakini siku hiyo hiyo madiwani walitaka kuzuia na watu, na Awor akasimama akakataa, akasema ng'ombe ndiye wa kupimwa, mama mwenye kikapu apite. Mama akapita. Anapita mpaka leo.

Nikajibu kupitia kwa Ofwono, nikiwa bado nimegeuka, kwamba ushahidi wa mdomo haulingani na wa maandishi. Mama akajibu kupitia kwa Obore kwamba ukurasa wa nyuma upo, wakausome wenye miguu ya kupitia mlangoni, si dirishani. Uwanja ukaanguka kwa kicheko! Mgongo kwa mgongo, tulibishana hivyo mpaka mama akaanza kupanda ngazi ya jukwaa kinyumenyume ili Obore, kule kwenye gari lake, asikie vizuri. Kitenge kikazidi kukaribia. Nikafanya anachotakiwa kufanya mkwe yeyote mwenye heshima: nikajifunika bango la Ebong, nikaruka, nikaingia chini ya jukwaa.

Maikrofoni niliingia nayo. Ilikuwa inafanya kazi. Busia yote, pande zote mbili, ilinisikia nikimpigia Atai simu na kumuuliza, "Mama yako ameshuka?"

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani hawakunitazama, walitazama miguu yao na mabega yakawa yanacheza. Obore alinirekodi. Gari lake linapita mitaani: "Mama yako ameshuka? Chagua kiti!"

Wazee wamesema nimemkaribia mama mkwe mno, nitoe mbuzi wa faini. Nimetoa yule aliyekuwa ananisikiliza vizuri zaidi. Imeniuma kweli.

La kuuma zaidi ni Ofwono. Baada ya mimi kuzama chini ya jukwaa aliipata maikrofoni ya pili, na kwa hasira za kuchekwa akatangaza msimamo wa Mzee Ebong: watu na ng'ombe, wote karatasi! Njia zote za panya zifungwe siku atakayoapishwa! Ebong mwenyewe akapunga mkono kukubali. Kina mama wakachukua vikapu vyao wakaondoka. Atai naye amenikasirikia tangu jana. Alinisemesha mara moja tu, akaniambia, "Nilikuuliza kuhusu Ebong." Nimelia kidogo, nyuma ya choo.

Jumanne, 9 Desemba

Mama mkwe amehamia! Kasema hangoji kufungiwa nje, na akiwa huku atamsaidia Obore kumnadi Awor. Kaja na kitanda, nyanya na kikohozi. Yeye na Atai wako ndani. Mimi niko jikoni kwenye majivu na kuku, na chakula napitishiwa dirishani. Moyo ulikuwa umeinama.

Ulikuwa! Sasa umesimama wima! Nimekaa nikayapima makosa yangu kiume, nikaliona: dirisha. Mtafiti lazima akae karibu na mlango wa nyuma.

Basi leo nilikwenda Tororo tena, safari hii kwa ajili ya Awor. Hajaniomba, lakini ataniomba. Kwenye ubao wa matangazo ya umma nikakuta barua ya Mzee Ebong, imepigwa muhuri na sahihi yake! Nilipiga picha nusu ya chini tu, maana ya juu ilifunikwa na tangazo la chanjo, na nyuma yangu kuna mtu alikohoa. Nikakimbia. Kumbe alikuwa mwanamume.

Nimetafsiri mwenyewe, nywele zimenisimama. Ebong anaagiza hivi: wakongwe wote waliochoka, wasioweza tena kubeba mzigo, wakatwe vipande vipande na wauzwe kwa kilo.

Wazee wetu! Kwa kilo!

Atai amepitisha chakula nikamsomea. Akauliza kwa dirisha kama Ebong si yule mwenye malori makongwe. Nikamwambia ndiye huyo huyo, na ndiyo maana ana ya kuwabebea.

Mkutano wa Awor ni Jumamosi. Nimeshawaomba wanipe jukwaa.