Mgombea na Kesi ya Kochi

Katika kaunti yote ya Hadley, huko milimani Kentucky, hapakuwa na mtu aliyeipenda sheria kama Verlon Stidham. Bahati mbaya ni kwamba sheria nayo ilikuwa ikimtafuta, na ilikuwa imemtafuta miaka ishirini na sita bila yeye kuwa na habari.

Verlon alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mwenye tumbo la heshima na sauti iliyozoea kunyamazisha watoto sitini kwa mpigo. Alipostaafu akakosa wa kumfokea, ndipo akaamua kugombea ukonstebo wa kaunti, cheo cha ulinzi ambacho huko hupigiwa kura. Mabango yake yakapanda kila nguzo ya umeme. Picha aliyoiweka ilikuwa ya zamani kidogo. Ndani yake bado ana nywele.

Kampeni yenyewe ilikuwa moja tu. Kila Jumanne asubuhi aliingia mkahawa wa Opal, akaagiza mayai na mkate wa mchuzi mweupe, akafungua simu, akaanza kuwasomea wateja orodha inayotolewa mtandaoni na ofisi ya sherifu: majina ya watu wenye hati za kukamatwa, wale ambao waliitwa na hakimu wasitokee.

"Denzil Fugate," alisoma Jumanne moja, na Denzil mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma, yuko meza ya tatu na kikombe mkononi. "Taa ya nyuma ya gari haiwaki. Aliitwa mwezi wa tatu, akaingia mitini."

Denzil akashusha kikombe. "Mimi sikuitwa."

"Uliitwa. Imeandikwa hapa."

"Basi barua ilienda nyumba ya zamani, mzee. Nilihama."

"Wahalifu wote huhama," Verlon akasema, akachovya mkate.

Denzil akaiacha kahawa yake inafuka moshi, akatoka. Opal akamwambia Verlon kwamba akiendelea hivyo atabaki anavisomea viti. Verlon akamjibu kwamba konstebo hatafuti marafiki. Sentensi hiyo ilimpendeza mno, akaiagizia bango jipya.

Ila orodha ya mtandaoni ilikuwa na upungufu: haikufika nyuma zaidi ya miaka kumi. Verlon akanusa kura. Jumatatu iliyofuata akaenda mahakamani, akajipanga kwenye dirisha la karani Wilma Jean Caudill, binamu wa mkewe.

"Shemeji, naomba orodha nzima. Mpaka za enzi za mafaili ya karatasi."

"Orodha nzima sikupi. Nitajie jina nikutafutie."

"Jina lolote?"

"Lolote."

Verlon akawageukia watu wawili waliokuwa nyuma yake, akapandisha sauti. "Basi anza na langu, watu waone usafi unafananaje."

Wilma Jean akabonyeza herufi. Akatazama kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Shemeji," akasema taratibu, "hebu sogea."

Mambo yalikuwa hivi. Miaka ishirini na sita nyuma Verlon alibeba kochi kwenye pikapu bila kulifunga kamba. Kochi likashuka lenyewe katikati ya barabara, mbele ya gari la askari. Akapewa tarehe ya kufika kwa hakimu. Hakufika.

"Huyo ni Verlon Stidham mwingine," alinong'ona.

"Aliyezaliwa siku yako? Anayekaa kwako?"

"Kochi lenyewe lilikuwa la dada yangu."

"Hati haimtaji dada yako."

Verlon akainamia dirisha. "Utanikamatisha?"

"Mimi ni karani, nakamata faili tu. Anayekamata watu ni yule pale." Alionyesha kwa kidevu. Mlangoni alisimama Burl Napier, askari wa mahakama, mkubwa kama kabati, akinywa kahawa. Burl akampungia mgombea mkono. Verlon naye akampungia, kama mtu anayefukuza nyuki.

"Sikiliza," Wilma Jean akasema. "Alhamisi saa tatu Hakimu Thacker anafuta hati za zamani. Unakuja mwenyewe, unajiandikisha, ukiitwa unasimama unasema ndimi. Dakika mbili. Siku hiyo hakamatwi mtu."

"Na kama sitaki watu wanione? Hakuna mlango wa nyuma?"

"Upo. Ni wa mahabusu."

Alhamisi Verlon alifika mapema, amevaa kofia pana iliyomfika nyusi. Alijiandikisha kwa mwandiko mbaya kwa makusudi, akaingia ukumbini. Ukumbi ulijaa. Na walioujaza ni wale wale aliowasoma mkahawani, meza kwa meza. Denzil, shati limepigwa pasi, akasogea kumpisha kwenye benchi.

"Umekuja kutusoma tena, mzee?"

"Nimekuja kuangalia utaratibu. Kama mgombea."

"Karibu. Nami nakushukuru, kweli. Usingenitangaza nisingejua kwamba natafutwa. Ningeshikwa barabarani, watoto wangu wamo garini wanaona."

Hakuwa anamkejeli, na hilo ndilo lililomchoma Verlon. Angekejeliwa angalau angekuwa na jibu.

Hakimu Thacker, mama mfupi mwenye mikono myepesi, aliita watu mmoja mmoja. Denzil akaonyesha risiti ya taa mpya, hati ikafutwa, akarudi benchi anatabasamu. Bibi mmoja mwenye mbwa mkorofi akafutiwa yake. Kazi ilikwenda kama kumenya mahindi.

"Verlon Stidham."

Verlon akaitazama dari.

"Verlon Stidham. Mzigo usiofungwa kamba."

Vichwa vyote vikamgeukia. Verlon naye akageuka, akatazama nyuma yake, kama anayetaka kumjua mtu huyo.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Verlon Stidham."

Denzil akamgusa kiwiko. "Mzee, ni wewe."

"Nyamaza. Huyo ni wa jina langu."

Hakimu akangoja, kisha akashika kalamu. "Amejiandikisha asubuhi hii, ameitwa, hakutokea. Itolewe hati mpya. Akamatwe popote atakapoonekana."

Burl akakohoa mlangoni. "Mheshimiwa, ameonekana."

"Wapi?"

"Safu ya nne. Mwenye kofia."

Kicheko kilianza kwa yule bibi wa mbwa, kikazunguka ukumbi mzima. Verlon akasimama, kofia kifuani, upara unang'aa.

"Bwana Stidham," hakimu akamwuliza, "kwa nini hukuitika?"

Verlon akaikunja kofia. "Niliona aibu, Mheshimiwa."

Kicheko kikafa. Denzil akainamisha macho, kana kwamba aibu hiyo ilikuwa yake pia.

"Ya kochi naifuta," hakimu akasema, sauti imelainika kidogo. "Hii ya leo nitaisikiliza saa nane, nikishakula. Mpaka hapo, Burl, mtunze."

Watu thelathini na wawili walitoka kwa mlango wa mbele, wamefutiwa. Verlon akapitishwa ule wa nyuma. Burl akamkalisha kwenye benchi la chuma, akampa andazi lake mwenyewe, akachukua fomu.

"Jina ninalo. Kazi?"

Verlon akanyoosha mgongo. "Mgombea wa ukonstebo wa kaunti."

Burl akamtazama kwa huruma ya kweli, akafikiri, kisha akaandika: mstaafu.