Lori la Marehemu Baba na Lango la Gerezani

Leo nimechekwa na mtaa mzima wa Gerezani. Si utani. Hata muuza kahawa aliweka birika chini ili acheke vizuri.

Naandika nikiwa na grisi kwenye gauni la kanisani. (Ndiyo, nilivaa gauni la kanisani kwenda gereji. Mtaelewa.)

Marehemu baba yangu alituachia lori la zamani la jeshi alilonunua mnadani kabla sijazaliwa. Ndilo lililokuwa likileta ndizi kutoka Kilimanjaro mpaka Kariakoo, na ndizi hizo ndizo zilizonisomesha. Lakini lilikuwa limechoka. Springi zake, yale mabamba ya chuma yanayolibeba juu ya magurudumu, zilikuwa zimelala kabisa, lori likakaa chini kama kuku anayeatamia. Ukoo ukaamua liuzwe chuma chakavu. Nililia mbele za watu, sioni aibu kusema. Baba Mkubwa, kaka yake baba na mwenye neno la mwisho kwetu, akanionea huruma.

"Litengeneze," alisema. "Jumamosi nakuja kulipanda. Likinifikisha Kariakoo, linabaki. Likishindwa, linauzwa siku hiyohiyo."

Jumamosi yenyewe ndiyo leo, na ndiyo sababu ya gauni la kanisani. Mama ameshinda mlangoni pa duka letu la ndoo pale Kariakoo, amevaa kitenge kipya, anasubiri kuliona lori la mumewe likija.

Nililipeleka kwa Fundi Salumu, mtu wa Newala, mpole, hapandishi sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Kazi ya springi mpya aliijua vizuri. Mimi ndiye niliyeleta ujuaji. Wenye malori wengi hapa mjini huongeza bamba moja la ziada ili gari lisilemewe na mzigo. Mimi nikataka kuwapita wote.

"Ongeza matatu, fundi. Mbele na nyuma."

"Dada, litanyanyuka sana. Na halina mzigo."

"Ndiyo ninachotaka! Baba Mkubwa alikute limesimama."

"Haya. Gari ni lako."

(Fundi akikwambia "gari ni lako" kwa sauti ile, jamani, kaa chini ufikiri.)

Saa nne asubuhi Baba Mkubwa akafika, koti na kofia.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Liko wapi?"

Nikamwonyesha. Lori limesimama hilo! Akalizunguka, akapiga tairi teke dogo, akaguna. "Mh. Kama lilivyokuwa enzi zile." Machozi yakanilenga. Nikampandisha mbele, nikashika usukani mwenyewe, maana baba ndiye aliyenifundisha kuliendesha. Likawaka kwa mara ya kwanza tu. Nikaenda nalo kwa madaha mpaka langoni.

"Simama! Simama!"

Alikuwa Fundi Salumu. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele.

Juu ya lango la gereji kumelazwa chuma cha reli, na juu ya chuma hicho kuna ukuta wa duka la jirani. Hakikatwi, hakisogezwi. Lori lilipoingia lilikuwa limelala, likapita bila shida. Sasa limesimama, na paa lake limezidi chuma kwa kiganja kizima.

Tukapunguza upepo kwenye matairi. Bado vidole vinne. Fundi akakuna kichwa, akasema, "Tulipakie watu." Tukawaita wamachinga wa barabarani, wakaja na biashara zao mkononi: viatu, sufuria, sidiria. Wengine nyuma, wengine wakajazana kwenye boneti na bampa. Lori likashuka taratibu. Mama akapiga simu. "Mmefika wapi?" Nikamwambia tunatoka sasa hivi.

"Nenda, dada," alisema Fundi Salumu. "Na nyie, asishuke mtu!"

Boneti ikapita. Paa likaanza kupita. Baba Mkubwa ameinamisha kichwa utadhani kinasaidia. (Na mimi nimeinamisha changu.)

Hapo mtu mmoja huko barabarani akapiga ukelele: "Mgambo!"

Hebu niambieni, mmachinga gani atabaki juu ya lori akisikia mgambo wa jiji wanakuja kumnyang'anya biashara yake? Waliruka wote kwa pamoja. Na springi zangu mpya, imara, zenye mabamba matatu ya ziada, zikafanya kazi yake. Zikainuka.

Kraa! Paa likagota kwenye chuma, likabonyea mpaka likaikuta kofia ya Baba Mkubwa. Injini ikazima. Milango haifunguki, nguzo za lango zimeibana huku na huku. (Mgambo wenyewe hawakuwepo. Alikuwa mlinzi wa duka anakwenda kununua chapati.)

Njia iliyobaki ilikuwa kioo cha mbele, kile cha jeshi kinachofunguka. Baba Mkubwa, mzee wa kanisa, akatokea hapo, akatambaa kwa magoti juu ya boneti, koti limenasa kwenye waipa. Wamachinga walikuwa wamesharudi, kila mmoja na simu juu.

"Mzee, karibu duniani!"

Nikafuata mimi na gauni langu. Hiyo sehemu siisimulii.

Nilingoja Baba Mkubwa anifokee. Hakufoka. Alilitazama lori, akatazama chuma, akajifuta vumbi.

"Baba yako angepima kwanza," alisema.

Vicheko vyote vya Gerezani havikuniuma kama maneno hayo, kwa sababu ni kweli. Baba alikuwa anapima hata mlango wa jikoni kabla ya kununua kabati.

Wamachinga wakapanda tena, tukalirudisha ndani. Sasa nimekaa kwenye tairi bovu, namtazama Fundi Salumu akitoa springi mpya na kurudisha zile kuukuu, maana nani atawaamini wamachinga tena, na njia nyingine ya kulitoa hakuna. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika, amesimama nje na Baba Mkubwa. Lori la baba litaondoka limelala, kama lilivyoingia.

Kama umeshatumiwa ile video, naomba usicheke, na usiisambaze. Mama bado yuko mlangoni, anajua tuko njiani.