Mechi Mbili za Oktavia

Jumatatu, 13 Aprili. Milwaukee.
Theluji tena! Mazoezi yameahirishwa. Nimekula soseji kwa Mjomba Leszek na kujifunza jambo kubwa: mkataba wa wachezaji wa besiboli na wenye timu. Mchezaji mpya ni mali ya timu yake miaka sita, kisha yuko huru. Akiwa huru hukimbilia New York, maana mji mdogo kama wetu haushindani na mifuko ya kule. Basi timu ndogo hufanya ujanja. Humwacha chipukizi hodari katika ligi ya chini majuma machache ya mwanzo. Mwaka wake haukamiliki. Timu inapata mwaka wa saba! Mjomba anasema huo ni uhuni, lakini ni uhuni wetu.

Nimemfikiria Oktavia Brandt, mrushaji wa timu yetu ya parokia. Mpira wake hauonekani, unasikika tu. Kanuni ya ligi yetu ya wasichana: ukikamilisha misimu miwili, unahamia utakako. Huu ni msimu wake wa pili, na Lakecrest, wenye jaketi za hariri na benchi lenye kipasha joto, wameshaanza kumchekea. Ila ukikosa mechi mbili, msimu hauhesabiwi. Mbili tu! Na katibu wa timu ni nani? Mimi, Agata.

Jumamosi, 18 Aprili
Nimemwambia kocha, yaani Shangazi Halina, kwamba bega la Oktavia linauma. Nimemwambia Oktavia kwamba kocha anamtunza kwa mechi kubwa. Wote wameridhika. Tumeshindwa 19 kwa 2. Filipa, aliyerusha badala yake, amempiga mwamuzi kwa mpira mara mbili. Mama mmoja alipaza sauti: "Halina, hao watoto unawafundisha au unawaadhibu?" Sijali. Moja imepita.

Jumatano, 22 Aprili
Oktavia ameuliza kwa nini Shangazi humletea dawa ya kuchua kila wakikutana. Nimemjibu kwamba ni desturi yetu sisi Wapolandi. Ameamini!

Jumamosi, 25 Aprili
23 kwa 0. Wasichana wa Lakecrest walituuliza kama tungependa kukopeshwa alama mbili tatu. Oktavia alikaa benchi akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda karibu sana na viatu vyangu. Lakini ni wetu hadi mwakani. Ushindi!

Jumapili, 26 Aprili
Balaa. Baada ya misa, kwenye kahawa na donati, Shangazi alimuuliza Bwana Brandt hali ya bega la binti yake. Bwana Brandt akauliza, bega lipi? Jana tu mtoto kapasua kuni za wiki nzima! Wakageuka wote wawili wakanitazama. Shangazi akasema kwa upole wa kutisha: "Agata, mwanangu, sema mwenyewe kabla sijakusaidia." Nimesema yote, pamoja na mwaka wa saba. Bwana Brandt amejibu kwamba wachezaji wakubwa wana chama cha kuwatetea, na binti yake ana baba.

Jumanne, 28 Aprili
Kamati ya ligi imeamua: mchezaji aliyewekwa benchi kwa uongo yuko huru leo leo. Si mwakani. Leo! Oktavia amekwenda Lakecrest. Ningemwacha acheze, tungekuwa naye hadi msimu uishe Julai. Nimemwomba msamaha. Akasema, "Ungeniuliza tu, Agata. Wala sikutaka kuhama."

Nimelia hadi chakula cha jioni.

Alhamisi, 30 Aprili
Nimevuliwa ukatibu. Sasa nabeba maji. Nimetafakari makosa yangu kwa unyofu, kama tulivyofundishwa shuleni. Solveig, mdakaji wetu, naye yuko msimu wa pili, na jana kocha wa Lakecrest alimsalimu kwa jina! Nilifikiri nimuulize kama anataka kuhama, lakini huenda akajibu ndiyo, na hapo nitafanya nini?

Kosa langu nimeligundua. Bega hukaguliwa kirahisi mno. Safari hii ni goti.