Heshima Iliyolipwa Kupita Kiasi

14 Machi

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Malipo ya Ulemavu,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, binti wa yule mpaka rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mgongo. Naahidi kueleza yote, hata yanayotuaibisha. Mmetuandikia kwamba baba alilipwa posho kupita kiasi, hivyo mtamkata nusu kila mwezi mpaka deni liishe. Tunashukuru kwa kukumbukwa. Nina malalamiko machache tu.

1. Afisa wenu alipokuja kumkagua, baba alisimama kumpokea. Mama alimsihi abaki ameketi, mgeni ataelewa. Wapi! Alishika ukingo wa meza, akajiinua, akatoa mkono huku jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Afisa aliitikia salamu vizuri sana, kisha akaandika: "Anasimama." Hakungoja kumwona akiketi, kazi iliyotuhitaji mimi, mama na jirani.

2. Mmehesabu kwamba baba alikuwa akisimama tangu siku aliyoanguka. Siku hiyo alikuwa hospitali, amefungwa plasta kutoka kwapani hadi kiunoni. Labda alikuwa akisimama sisi tukishatoka wodini. Nitamuuliza.

3. Kwa kuwa posho ni nusu, baba sasa anameza nusu kidonge cha maumivu. Mgongo haukupata nakala ya barua yenu, kwa hiyo unaendelea kuuma wote. Usiku anauma shuka ili tusimsikie. Tunamsikia.

4. Kwa hiyo naomba mkate na ulemavu vilevile. Nusu ya kwanza ya mwezi mchukue maumivu, baba apande ngazi, apake rangi, awalipe. Nusu ya pili mmrudishie. Tafadhali mtuarifu mapema, maana ngazi tumeshaiuza.

5. Mwisho, samahani, nanyi mna deni. Mtu mwenye mgongo wa baba alistahili kusalimia akiwa ameketi. Afisa alipokea salamu ya kusimama, yaani alilipwa heshima kupita kiasi. Napendekeza tuikate kidogo kidogo: akija tena hatapewa kiti, mara ya pili hatakaribishwa ndani, mara ya tatu tutamwitikia kupitia dirisha, mpaka hesabu ikae sawa.

Nawasalimu wote hapo ofisini, hasa afisa huyo, pamoja na anayepiga mihuri. Muhuri wake unasomeka vizuri kuliko barua yenyewe.

Wenu mtiifu,
Binti wa Mpaka Rangi, darasa la saba

Baada ya sahihi: Baba ameisoma barua hii na amenikemea. Anasema mgeni ni mgeni, namba tano niifute, na afisa akija atampokea kama alivyompokea mara ya kwanza. Sikuifuta kwa sababu karatasi ingechafuka. Lakini baba namjua, atasimama. Naomba mnijibu mara mtakapoipata barua hii: safari hiyo mtamkata kiasi gani?